Bi Mwanakheri Aliposema Ndoo

Nimestaafu. Katika kazi kama yangu hakuna ofisi ya kukuaga wala keki ya kukata, kwa hivyo nilijiaga mwenyewe. Nilimkabidhi msaidizi wangu Njeri begi la nyaya, nikamwambia kuanzia siku ile akija mtu kubisha hodi anataka kurekodiwa, amfungulie yeye. Akataka kujua sababu. Sababu ilikuwa rekodi tuliyokuwa tukiisikiliza asubuhi hiyo. Njeri alikunja uso akasema kuna mlio mwembamba juu kabisa, kama wa mbu, je, nausikia? Nikabana hedifoni masikioni, nikafumba macho, nikajitahidi. Sikusikia mbu wala jamaa yake mbu. Fundi wa sauti asiyemsikia mbu kilichombakia ni kuumwa naye tu, basi nikaona niondoke kwa heshima kabla wateja hawajaniondoa.

Kazi yenyewe, kwa msioijua, ni kuwarekodi wanawake wakiimba majumbani mwao. Studio zipo Mombasa, zina kiyoyozi na mlango mzito, lakini anayekaa kwenye mitambo ni mwanamume, na hapo ndipo mambo yanapokwama. Nyimbo zetu za arusi hapa Amu, mnapopaita Lamu, wanawake huziimba wao kwa wao, milango imefungwa, wakigonga pembe za nyati tunazoziita vugo, na wengi wao hawataki sauti zao zisikiwe na wanaume wa watu. Kwa hivyo anayetaka kuzirekodi sharti awe mwanamke, na sharti awafuate huko huko waliko. Njeri na wasichana wenzake wanaoianza kazi wameniomba niandike niliyojifunza. Kupanda cheo sitawaeleza, kwa sababu hapakuwa na ngazi. Mshahara nao tuupitie kimyakimya, kama tunavyofanya tukimtaja marehemu.

Aliyenifunza ni Ami Athmani, ndugu yake baba, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio hapa mtaani kwetu Langoni. Kilikuwa chembamba mno, mteja mnene alihudumiwa akiwa nje. Nilikwenda kwake baada ya kumaliza shule, nikidhani nitashika bisibisi siku hiyo hiyo. Badala yake alifunga kibanda, akanipeleka nyumbani kwa bibi yangu, akaniamuru nipige kofi katika kila chumba.

"Piga kofi," alisema.

Nikapiga.

"Wasikia nini?"

"Kofi, Ami."

"Ewe mwana, kofi umelipiga wewe, utakosaje kulisikia? Nakuuliza, chumba kimekujibu nini?"

Nilimwona kama mzee aliyevuta moshi wa risasi ya kulehemu kupita kiasi. Lakini nilizunguka, nikapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, na bibi yangu akauliza ni nani aliyeposwa. Kuelekea adhuhuri nikaanza kusikia. Chumba cha mbele, kilichokuwa kitupu na kuta zake laini, kilinirudishia kofi kwa ukali kana kwamba nimelitukana. Chumba cha ndani, ambacho ukuta wake mmoja umejaa zidaka, vile vishubaka vya chokaa ambavyo wazee walipangia vyombo vya kaure, kililipokea kofi kikaligawa vipande vipande, halikurudi tena. Wazee walizijenga zile zidaka kwa pambo, wala hawakuwaza maikrofoni. Hata hivyo mpaka leo, nikiingia nyumba ya kale ya mawe, kitu cha kwanza ninachoulizia baada ya salamu ni zidaka. Mwimbaji azipe mgongo, na mbele yake, nyuma ya maiki, simamisha godoro la sufi. Hapo umeshamaliza nusu ya kazi na bado hujagusa kompyuta.

Rekodi yangu ya kwanza niliifanya katika arusi ya binamu yangu, kwa redio ya kaseti. Niliiweka dirishani ili ipate hewa. Msinicheke, mlio wa injini yake ulikuwa mkubwa nikadhani inasikia joto. Niliporudi kibandani, Ami Athmani aliisikiliza kanda yote kwa adabu. Ilikuwa na punda mmoja wa kichochoroni aliyelia kwa moyo wake wote, muuza mkaa, mtoto anayekataa kuoga, na kwa mbali sana, kama wako ng'ambo ya Manda, wanawake wanaimba. Mwisho Ami akaizima, akapangusa miwani.

"Punda huyu ndiye bwana arusi?" akaniuliza.

Tangu siku hiyo nikawa adui wa kelele. Nilijifunza kuzifuata mpaka zinakotoka na kuzizima huko huko, kabla hazijaingia katika rekodi, na zile zilizoponyoka nilizifuta baadaye moja moja kwa subira ambayo mume wangu alisema sikuwahi kumpa yeye. Watu wa Langoni wakaniita Bi Fagio. Jina lile lilinipendeza kuliko langu la Salha, na sioni haya kulisema.

Sasa nisikilizeni, wasichana. Kelele kubwa hazina shida, kila mtu anazisikia na kila mtu atakubaliana nawe kuwa kuna punda. Zinazoharibu kazi ni zile ambazo mwenye nyumba amezizoea mpaka haamini kuwa zipo. Ya kwanza ni friji. Mwambie Bi fulani kuwa friji yake inavuma, atakutazama kama umemsengenya mwanawe. Izimeni, lakini mtie viatu vyenu ndani yake. Nasema kweli. Mkimaliza mtatafuta viatu vya kuendea nyumbani, mtafungua friji, mtakumbuka kuiwasha. Niliianza desturi hiyo baada ya samaki wa jamaa mmoja kuharibika, na nikaokoa ndoa nyingi na mboga nyingi zaidi. Ya pili ni bangili. Ya tatu ni leso mpya, yaani khanga. Leso ambayo haijafuliwa ina wanga, na mwimbaji akipumua inachakarika kama mtu anakunja gazeti. Mwombeni avae ya zamani. Atakataa, kwa sababu kurekodiwa ni jambo la kuvaliwa, ndipo mmwambie kuwa ile ya zamani inamtoa rangi vizuri.

Halafu kuna kimya. Kabla ya wimbo, rekodini chumba kikiwa kitupu cha maneno, watu wamenyamaza kabisa, ili baadaye kompyuta ijue mvumo wa chumba ni upi na iuondoe. Katika miaka yangu yote ya kazi, hili ndilo lililonitoa jasho. Wanawake wa Amu wataimba asubuhi mpaka alasiri bila kuchoka, lakini kuwanyamazisha kwa muda wa kumeza mate ni mtihani. Nikishainua mkono tu, mmoja humnong'oneza mwenzake, "Sasa twanyamazia nini?" na mwenzake akamjibu.

Nilikwenda kurekodi sehemu nyingi. Kizingitini ndiko nilikopata darasa gumu. Kikundi cha huko kina sauti za kupenya hata ukuta wa mawe, nao wote walikuwa ndugu, kwa maana kwamba kila mmoja alijua sauti yake ni bora kuliko ya dada yake. Niliwapanga nusu duara mbele ya maiki. Tukaanza, na mpaka ubeti wa pili duara limeyeyuka. Kila mmoja alikuwa akijisogeza kwa makalio, taratibu, huku akitazama kwingine, mpaka maiki ikazungukwa kama sinia la pilau. Nikawarudisha, wakasogea tena. Mwisho nikaomba kila mmoja aketi juu ya mswala wake mwenyewe. Wakasita, wakatazamana. Mwanamke anaweza kusogea juu ya mkeka, lakini kuburuta mswala ili umpite dadako ni jambo ambalo hata Kizingitini linaonewa haya. Rekodi ile ilitoka safi, na walinifungia kamba wa kwenda nao nyumbani, ambao niliwatia kwenye mfuko mmoja na nyaya. Nyaya zile zilinuka mpaka nikazitupa.

Maiki yangu ya kwanza ya maana ilitoka Shela. Wifi yangu alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wageni, na mgeni mmoja mwanamuziki alipoondoka alimwachia, akisema imekufa. Haikuwa imekufa, ilikuwa na mchanga. Ami Athmani aliifungua kwa mikono ambayo wakati huo ilishaanza kutetemeka, akaipuliza, akanifunza kuiweka shubiri moja kutoka mdomoni na kuigeuza kidogo upande, ili pumzi za "pa" na "ba" zipite pembeni zisiipige usoni. Kukinga mate tulinyoosha kipande cha leso kwenye duara la waya. Leo vinauzwa vya kiwandani. Mimi bado natumia leso, na Njeri ameacha kubishana.

Huyo Njeri sasa. Baba yake ni mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka bara. Yeye alisomea mambo ya sauti Nairobi, akaja likizo kuwaona wazazi, akasikia pembe za vugo kutoka nyumba ya jirani, na hakurudi tena. Alikuja kwangu na kompyuta yake kifuani. Alinionyesha sauti ilivyo kwenye skrini, milima na mabonde, na jinsi ya kung'oa mlio mmoja bila kugusa wa jirani yake. Nilikaa naye nikajifunza kama mwanafunzi wa chuoni, na ninakiri kwamba baada ya hapo ufagio wangu ulikuwa wa umeme.

Tuligombana mara moja tu kwa dhati. Katika nyimbo hizi kiongozi huita, kisha ananyamaza, na wanawake wote humjibu. Ukimrekodi kiongozi peke yake, pale pa majibu panabaki patupu. Njeri alikuwa mgeni, akaona mapengo, akayafunga yote ili wimbo usichoshe. Nikamwambia, "Mwanangu, umewafunga midomo wanawake wa Langoni wote kwa kidole kimoja, jambo ambalo waume zao wamelishindwa." Akacheka, akayafungua. Tangu hapo hakuna aliyelinda mapengo yale kuliko yeye.

Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, na chetu kilimpa taabu. Alizoea upesi kuwa nchi ni nti na njia ni ndia. Lakini kwa wiki nzima aliamini kuna mtu mjini aitwaye Yana. "Bi Salha, huyu Yana ni nani?" aliniuliza. "Kila nikiuliza kitu kilifanyika lini, naambiwa Yana." Nilimweleza kuwa ni jana, na tukaendelea na kazi. Maneno mengine niliacha ayapate ndiani.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku Bi Mwanakheri aliponitumia mtu.

Bi Mwanakheri ndiye aliyekuwa sauti ya Langoni. Mimi mwenyewe nilitolewa nje siku ya arusi yangu kwa sauti yake. Katika ukoo wao, ambao ndio wa mama yangu pia, kuna desturi moja: siku ya kuonyeshwa, bibi arusi hukaa nyuma ya pazia katika chumba cha ndani, na hatoki mpaka aitwe na mkubwa wake wa kike kwa wimbo, na wanawake wote wajibu kumkubali. Wasipojibu, hatoki. Haijawahi kutokea wasijibu, lakini ndiyo sheria. Bi Mwanakheri aliwaita binti zake wote hivyo. Sasa ilikuwa zamu ya Rukia, mjukuu aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ambaye alikuwa amemuahidi wimbo huo tangu akiwa mtoto wa kusukwa nywele.

Nilimkuta kitandani, leso shingoni. Aliiondoa akanionyesha uvimbe. Tabibu wa Mombasa alitaka kuukata upesi, naye alikuwa ameshamwambia waziwazi kuwa sauti huenda isirudi. Arusi ilikuwa baada ya hapo.

"Nasikia wewe huweka sauti za watu," aliniambia. "Niwekea yangu. Nimwite Rukia hata kama sina koo."

"Inshallah, Bi."

"Lakini sikiza. Sauti yangu haiyatoka nde ya mlango wa wanawake tangu nizaliwe, na haitatoka sasa. Waume wasiisikie. Ikisha arusi, unirejeshee yote."

Nikamwahidi. Nilirudi nyumbani miguu ikiwa mizito, kwa sababu nilielewa ninachotakiwa kufanya. Kurekodi sauti nilijua. Lakini hii ilipaswa kukaa mbele ya wanawake wa Langoni, ikawaite, nao waijibu kama vile mwenyewe ndiye anayeimba. Na Rukia angekuwa nyuma ya pazia akingoja.

Tulichagua wakati wa kati ya asubuhi na adhuhuri, punda wote wakiwa ufukweni wanabeba mchanga na watoto wakiwa shule. Zidaka zilikuwepo, za kupendeza. Tulisimamisha godoro, tukazima feni, viatu vyetu vikaingia kwenye friji. Njeri nilimweka uani, mlangoni, afukuze paka na wageni, na nikamtahadharisha kwamba dawa za Bi Mwanakheri humtia kichefuchefu, awe macho.

Rekodi ya kwanza ilikuwa safi kabisa, na ilikuwa mbaya kabisa. Bi Mwanakheri aliketi wima akaiimbia maiki kama shahidi mbele ya kadhi. Kila neno lilikuwa mahali pake, na hakuna hata moja lililokuwa na damu. Nikamwomba arudie. Akarudia vile vile.

"Nitaimbaje na kidude hiki chanikodolea mato?" alilalamika.

Nikaifunika maiki kwa leso nyepesi. Nikaisogeza pembeni. Nikamwambia amuwaze Rukia. Akamuwaza, akaanza kulia, na kilio kikamziba koo. Nilimwona anavyoshika shingo na nikajua sauti ile haina marudio mengi tena. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo katika kazi, na nilijishughulisha na nyaya ili asinione uso.

"Mara moya ya mwisho," akasema. Nikawasha.

Akaita mwito wa kwanza, mkavu: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Akanyamaza, akaacha nafasi ya majibu. Akaita wa pili, kwa nguvu zaidi mpaka sauti ikafika uani kwa mara ya kwanza, karibu kama mtu aliyekasirika: "Ndoo! Ndoo, mwanangu, ndoo!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Njeri aliingia mbio, macho yamemtoka, mkononi ana ndoo ya bati ya kuchotea maji. Akajikwaa kwenye mkeka. Ndoo ikaanguka sakafuni, dang', ikabingirika mpaka miguuni pa mgonjwa, na Njeri akaifuata kwa magoti.

"Woi, Bi! Tapikia hapa, tapikia hapa!"

Chumba kikatulia. Kumbe kile kimya ambacho wanawake wa Amu wamenikatalia maisha yangu yote kingeweza kuletwa na ndoo moja. Bi Mwanakheri aliitazama ndoo. Akamtazama Njeri. Akanitazama mimi.

"Namwita mwari nde," alisema polepole, "naletewa ndoo!"

Njeri aligeuka kwangu. "Si amesema ndoo? Amesema ndoo mara ngapi?"

"Njoo," nikamwambia. "Kwetu ndoo ni njoo."

"Na ndoo yenyewe je?"

"Nayo ni ndoo."

Hapo Bi Mwanakheri akacheka. Kicheko kilianza tumboni, mabega yakatikisika, kikapanda mpaka kwenye ule uvimbe na kuupita, na kabla kicheko hakijaisha, bila kunitazama, bila kuitazama maiki, akaita mwito wa tatu juu yake. Ilikuwa ile sauti. Ile iliyonitoa mimi nje siku yangu, nene, yenye mzaha na huruma ndani yake, sauti ya mtu anayejua kuwa utakuja. Mkono wangu ulikuwa umekaribia kuzima mtambo. Niliurudisha pajani. Aliimba mpaka mwisho, akiacha kila pengo mahali pake, huku Njeri amepiga magoti ameikumbatia ndoo ili isilie tena. Kisha akakohoa, akajilaza.

"Basi," akasema. "Nyingine sina."

Mnaweza kukisia niliyofanya nyumbani. Bi Fagio ni Bi Fagio. Nilijaribu kuiondoa ndoo. Lakini kicheko kilikuwa kimeingia ndani ya mwito wa tatu, na kila nilipokikata kilitoka na sauti. Nikajaribu kuchukua mwanzo kutoka rekodi ya kwanza na kuuunga na mwisho wa hii. Ikasikika kama wanawake wawili ambao hawasemezani. Njeri alinikalia begani akinisihi.

"Bi Salha, tafadhali, toa hiyo sauti yangu. Langoni yote itaniita Tapikia Hapa."

"Kuna majina mabaya zaidi," nilimwambia, ingawa sikuweza kufikiria lolote.

Siku moja kabla ya safari ya Mombasa tulimpelekea Bi Mwanakheri zote mbili, ile ya kuunga na ile ya ndoo, nikamvika hedifoni juu ya leso. Alizisikiliza macho yamefumbwa. Kisha akanyoosha kidole.

"Hii ya ndoo."

"Bi, ina kelele," nilisema. Ilibidi nijaribu.

"Nataka Rukia ateke. Mwari akitoka nde na matozi, wanja utamtiririka, nani atamwona?"

Kuteka, kwa mgeni, ni kucheka. Njeri hilo alilielewa mara moja, akafunika uso.

Walimkata uvimbe, na alhamdulillahi alirudi mzima. Sauti haikurudi naye. Ilibaki pumzi yenye kukwaruza, ya kusikika ukiwa umemwinamia. Siku ya arusi alikaa kwenye kiti mbele ya pazia, leso nyeupe shingoni, mikono mapajani. Mimi nilikuwa nimeweka spika juu ya godoro na kuziba madirisha kwa mablanketi, sauti iwajae wanawake chumbani na isiwafikie wanaume kichochoroni. Maisha yangu yote nilipigana na kelele zisiingie, na siku ile nikawa nazuia wimbo usitoke. Njeri alikuwa ameshanitangazia kuwa ataugua. Hakuugua. Alikuja amejifunika buibui mpaka machoni, akasimama nyuma ya mlango.

Chumba kilijaa, pembe zikiwa mikononi. Nikabonyeza.

"Ndoo, mwanangu, ndoo!" ikaita spika.

Likaja pengo. Hakuna aliyejibu. Wanawake wa Langoni, wanaojibu hata wasichoulizwa, walikitazama kile kisanduku wakakaa kimya. Hawakuwa na ubaya. Nani anajibu kisanduku? Pengo likapita tupu, na mimi nililijua urefu wake, lakini siku ile lilikuwa refu kuliko nilivyolirekodi. Pazia halikutikisika. Bi Mwanakheri aliinamisha kichwa, na moyo ulinivunjika hapo hapo.

Mwito wa pili ukatoka. Kimya. Nikaona shangazi mmoja anafungua mdomo, kisha anaufumba.

Dang'!

Ndoo ikabingirika ndani ya spika, safi, naweza kusema hivyo kwa fahari ya kazi, ungeweza kuufuata mpini wake ukigonga sakafu. "Woi, Bi! Tapikia hapa, tapikia hapa!" Wanawake wakashtuka, wakageukiana. "Namwita mwari nde, naletewa ndoo!" Mabishano yetu yote yakafuata, na kile kicheko cha Bi Mwanakheri kikafunguka chumbani. Hakuna aliyeweza kukiacha kicheke peke yake. Walicheka wakashikana mabega, walicheka wenye pembe na wasio na pembe, na mwito wa tatu ulipotoka juu ya kicheko ukawakuta midomo tayari imefunguka.

"Ndoo, mwanangu, ndoo!"

"Nakuya, mama, nakuya!" chumba kizima kikajibu, na pembe zikapigwa kwa pamoja.

Kutoka hapo hawakukosa pengo hata moja. Bi Mwanakheri aliinua kichwa, na midomo yake ikafuata kila neno. Pazia likafunguka. Rukia alitoka akicheka, wanja wake mahali pake, akaenda moja kwa moja kwa bibi yake akamlalia mapajani, na hapo ndipo wanja ulipoharibika, wake na wangu na wa kila mtu. Mimi nililia bila haya yoyote. Wanaume waliokuwa kichochoroni waliapa baadaye kuwa hawakusikia kitu ila ndoo.

Rekodi nimeirejesha kwa mwenyewe kama nilivyoahidi, na kwenye kompyuta nimeifuta. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho. Na mnaporekodi, wasichana, fagieni kila mnachoweza kukifagia. Lakini mkisikia mtu amecheka, ondoeni mkono kwenye mtambo kwanza.

Wimbo ulipokwisha siku ile, Bi Mwanakheri aliangaza macho chumbani, akapita vichwa vyote, mpaka akaliona buibui lililojificha nyuma ya mlango. Aliinua mkono. Kwa ile pumzi iliyombakia, ambayo hakuna maiki yangu ingeishika, akasema, "Ndoo."

Njeri akatoka nyuma ya mlango, akapita katikati ya wanawake wote. Kwa mazoea nilimtazama mikono. Ilikuwa mitupu.